Kitabu cha uuguzi kipimwe kando ya kitanda

Mtoto alikuwa na kilo 10, umri mwaka mmoja na miezi mitatu, macho yamezama, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Kuharisha kulikuwa kumemkausha. Mililita 300 za kwanza za maji ya dripu zilishaingia ndani ya nusu saa, sista wa zamu akiwa amesimama pale pale, na sasa zilibaki mililita 700 za kuingia kwa saa mbili na nusu. Sista akamwachia mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili hiyo dripu. Binti akatoa daftari, akapiga hesabu, akaweka matone 70 kwa dakika. Nilipopita nikasimama na saa yangu ya mkononi nikahesabu, kisha nikahesabu tena. Yalikuwa 70 kweli.

"Umepigia seti ya matone mangapi?"

"Kumi na tano kwa mililita, Mwalimu. Kitabu ndivyo kinavyosema."

Pakiti ya seti, ule mrija wa dripu, ilikuwa bado juu ya troli. Imechapwa wazi kabisa ubavuni: matone 20 kwa mililita 1. Kwa seti ile yalitakiwa matone 93. Kwa matone 70, maji ya saa mbili na nusu yangechukua saa tatu na dakika 20, na muda uliopangwa ungekwisha mtoto akiwa bado anadai mililita 175. Mtu mzima hizo ni kikombe cha chai, hatazisikia. Mtoto wa kilo 10 aliyekauka namna ile ni kitu kingine.

Tulifungua dripu kwa mwendo unaotakiwa, mtoto akaendelea vizuri. Jioni nikamwomba binti anionyeshe kitabu. Kilikuwa kizuri, kizito, kina picha za rangi, maelezo yake yamenyooka. Kimeandikwa Marekani kwa ajili ya wanafunzi wa Marekani, ambako seti za matone 10 na 15 ni za kila siku. Huko kilikozaliwa hakina kosa. Kosa lilianzia pale tulipokipokea, tukakipanga kwenye rafu, na hakuna hata mmoja wetu wakufunzi aliyewahi kukifungua ukurasa wa dripu akakilinganisha na pakiti iliyoko wodini.

Kila mwanzo wa muhula wanafunzi huniuliza: Mwalimu, kitabu gani kizuri? Kwa miaka mingi nilikuwa nawajibu kwa kutaja jina la kitabu, kama nilivyojibiwa mimi na walimu wangu. Siku hizi siwezi. Kitabu cha uuguzi hakiwi kizuri hivi hivi tu. Ni kizuri kwa wodi ipi, kwa mgonjwa wa rangi gani, anayeeleza maumivu yake kwa lugha gani, na kwa mwaka upi? Kitabu cha historia kikikosea mwaka wa vita, mwanafunzi atapoteza alama. Cha kwetu kikikosea, anayelipa ni mtu aliyelala kitandani ambaye hajawahi kukiona.

Tuanze na mwaka, maana hapo ndipo vitabu vyetu vingi vinapoanguka. Chukua malaria kali. Wengi wetu tuliosoma zamani tulifundishwa kwinini ya dripu, na jinsi ya kumchunga mgonjwa sukari isishuke. Mwaka 2010 ulitoka utafiti mkubwa uitwao AQUAMAT, uliofanywa katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo, kwa watoto 5,425 waliolazwa na malaria kali. Waliopewa atisuneti ya sindano walikufa wachache kuliko waliopewa kwinini: asilimia 8.5 dhidi ya 10.9. Baada ya hapo Shirika la Afya Duniani, WHO, likabadilisha mwongozo, na kwinini ikashuka daraja. Kitabu kilichochapwa kabla ya hapo kinaweza kuwa na sura tamu sana kuhusu kwinini, na sura hiyo imeshakufa.

Lakini hata kitabu kinachotaja atisuneti hakijafaulu bado. Hapo mwanzo dozi ilikuwa miligramu 2.4 kwa kila kilo kwa wagonjwa wote. Mwaka 2015 WHO ikapandisha dozi ya watoto walio chini ya kilo 20 kuwa miligramu 3 kwa kilo, kwa sababu miili yao huitoa dawa haraka. Mtoto wa kilo 12 kwa kitabu cha 2012 anapata miligramu 28.8. Kwa mwongozo wa 2015 anapata 36. Pengo hilo ni sehemu moja ya tano ya dozi nzima, na halionekani kwa macho. Kimiminika ndani ya bomba la sindano kinafanana tu. Ndiyo maana mimi nikiletewa kitabu chochote cha magonjwa ya watoto kinachosema kimeandikwa kwa ajili ya Afrika, siangalii jalada wala dibaji. Naenda moja kwa moja kwenye atisuneti, natafuta namba 3.

Leba nako kuna mtihani wake. Uchungu kamili unaanza mlango wa kizazi ukifunguka sentimita ngapi? Kwenye rafu moja ya maktaba nimewahi kutoa vitabu vitatu vikanipa majibu matatu. Cha kwanza kinasema 3, maana kilifuata patografu, yaani chati ya kufuatilia uchungu, ya WHO ya mwaka 1994. Cha pili kinasema 4, kwa kufuata ile patografu iliyorekebishwa iliyokuja baadaye. Cha tatu kinasema 5, kwa mapendekezo ya WHO ya 2018, yaliyofuatiwa mwaka 2020 na karatasi mpya ya kufuatilia uchungu. Hakuna kilichodanganya. Kila kimoja kilisema ukweli wa wakati wake. Shida ni kwamba viwili kati ya hivyo havikuandika popote kwamba namba hiyo imetoka kwenye mwongozo gani wa mwaka gani. Mwanafunzi anaibeba kama amri iliyoshuka kutoka mbinguni, anaingia leba, anamkuta mkunga mzoefu anafanya tofauti, na anaanza kudhani mkunga hajui kazi, au yeye mwenyewe hajui kusoma.

Tena namba hii si ya mtihani tu. Ukiamini uchungu umekolea kwenye 4 na mlango lazima ufunguke sentimita moja kila saa, mama ambaye mwili wake unakwenda taratibu kidogo utamwona amechelewa, utamtundikia dripu ya uchungu asiyoihitaji, au utampigia daktari simu ya upasuaji. WHO ilibadilisha kwa sababu wanawake wengi walio salama kabisa hawaendi kwa kasi hiyo. Kitabu kisichoeleza sababu ya namba kimempa mwanafunzi rula bila kumwambia inapima nini.

Hapa kuna jambo linaloniuma. AQUAMAT ilifanywa kwenye wodi zetu. Utafiti wa E-MOTIVE kuhusu mama kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, uliochapishwa mwaka 2023, ulifanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Walitumia mfuko wenye alama za vipimo unaowekwa chini ya mama, damu ikapimwa badala ya kukisiwa kwa macho, na tiba zote zikatolewa kwa pamoja bila kusubiri moja ishindwe ndipo ijaribiwe nyingine. Matukio mabaya yakapungua kwa asilimia 60. Wakunga wa kwetu ndio walioshika ile mifuko. Akina mama wa kwetu ndio waliolala juu yake. Halafu mwanafunzi wa kwetu anafungua kitabu cha kutoka ng'ambo kinachomfundisha kukadiria damu kwa kuangalia pedi na shuka zilivyolowa. Maarifa yameondoka hapa yakazunguka dunia, na kurudi kwenye rafu ya chuo chetu yanachukua miaka 10, yakirudi.

Ukishamalizana na mwaka, angalia vifaa. Dripu nimeshaieleza. Sukari ni hivyo hivyo: kitabu cha Marekani kinamwambia mwanafunzi sukari ikishuka chini ya 70 achukue hatua, na mashine aliyoshika imeandika 3.1. Kipimo ni kile kile kwa vizio tofauti. Ile 70 yao ni 3.9 yetu. Aliyekariri 70 bila kujua hili atababaika mbele ya mgonjwa anayetoka jasho na kuongea maneno yasiyoeleweka. Majina ya dawa pia. Kitabu kinaandika epinephrine, kwenye trei ya dharura ampuli imeandikwa adrenaline. Kinaandika albuterol, sisi tuna salbutamol. Kinaandika acetaminophen, na mama mzazi anakuambia mtoto ameshampa panado nyumbani. Mwanafunzi asipojua kwamba hiyo ni dawa ile ile, atamwongezea dozi juu ya dozi.

Mfano unaonitisha kuliko yote ni salfeti ya magnesiamu kwa mama mwenye kifafa cha mimba. Vitabu vya nchi tajiri vinaeleza dozi ya kuanzia kwenye mshipa, halafu dawa inaendelea kuingia gramu 1 au 2 kila saa kwa pampu. Ni njia nzuri penye pampu. Sasa mweke binti wa miaka 22 zamu ya usiku kwenye kituo cha afya kijijini, mama ameanguka kifafa mlangoni, gari la wagonjwa liko safarini. Anachohitaji kukijua kwa mikono yake ni gramu 4 kwenye mshipa polepole, gramu 5 kila tako, halafu gramu 5 kila baada ya saa 4 akibadilisha tako. Na kabla ya kila dozi inayofuata ahakikishe mambo matatu: goti linashtuka likigongwa, mama anavuta pumzi zisizopungua 16 kwa dakika, mkojo haujashuka chini ya mililita 30 kwa saa. Na ampuli ya gluconeti ya kalsiamu, dawa ya kuzima salfeti ikizidi, iwe pale karibu, isiwe imefungiwa ndani ya kabati ambalo ufunguo ameondoka nao mtu wa zamu ya mchana. Kitabu kikimpa pampu peke yake, usiku huo hakijampa kitu.

Nimesikia wenzangu wakisema tukivikataa vitabu vya nje tutabaki mikono mitupu. Sisemi tuvikatae. Fiziolojia ya moyo ni ile ile Boston na Bukoba. Sura za anatomia, jinsi figo inavyochuja, kwa nini mgonjwa wa moyo anavimba miguu, humo vitabu hivyo ni vya kiwango cha juu na mimi mwenyewe navisoma mpaka leo. Mwaka 2024 mradi wa OpenStax wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, ulitoa vitabu vya uuguzi vya kusoma bure mtandaoni, na nimewaambia wanafunzi wangu wavipakue. Nilichowaambia pia ni sura zipi wazisome kwa moyo mweupe na zipi wazisome huku mwongozo wa matibabu wa taifa umefunguliwa pembeni. Kila penye namba ya dozi, kifaa au kizio, wafungue vyote viwili.

Kuna kasoro nyingine ambayo vitabu vingi huwa navyo bila hata mwandishi kujua. Fungua sura ya vidonda vya kulalia. Utaambiwa dalili ya kwanza ni wekundu usiopotea ukibonyezwa. Wekundu kwenye ngozi ya nani? Mzee wetu aliyelala wiki tatu baada ya kupata kiharusi, ngozi yake nyeusi tii, huo wekundu hutauona. Unatakiwa uguse. Pale mahali pana joto kuliko pembeni, au pamekuwa pagumu, au panabonyea kama tope, au pamekoza weusi wa namna nyingine, au mzee anakunja uso ukipagusa. Kitabu kisiposema hivyo, mwanafunzi ataandika kwenye faili kwamba ngozi ni nzima, na baada ya siku nne atakuta shimo.

Mtoto mchanga ni vivyo hivyo. Alama za Apgar za kupima hali ya mtoto mara anapozaliwa, alizozibuni Dkt. Virginia Apgar mwaka 1952 huko New York, zina kipengele cha rangi, na kitabu kinataka mtoto awe wa waridi mwili mzima. Mkunga wa kwetu anajua kuangalia ulimi, midomo, viganja na nyayo, lakini amelijua kwa kuonyeshwa na mkunga aliyemtangulia, halijatoka kitabuni. Mwaka 2020 kijana mzaliwa wa Zimbabwe aliyekuwa akisomea udaktari London, Malone Mukwende, pamoja na walimu wake, walitoa kijitabu kinachoonyesha dalili za magonjwa kwenye ngozi nyeusi, kwa sababu aliona darasani kila picha ni ya ngozi nyeupe. Mwishoni mwa mwaka huo huo utafiti wa Marekani ukaonyesha kwamba kile kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni kilishindwa kugundua upungufu kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya kwa weupe. Sisi ndio tulipaswa kuuliza maswali haya kwanza. Wagonjwa wetu karibu wote ni weusi, na bado tunafundishia picha zile zile.

Halafu lugha. Tunafundisha kwa Kiingereza, mitihani ni Kiingereza, faili la mgonjwa linaandikwa Kiingereza. Mgonjwa yeye anasema, "Nina kichomi." Anasema, "Chupa imepasuka tangu alfajiri." Anasema mtoto ana degedege, na kama ni bibi ndiye aliyemleta, huenda ameshapitishwa kwa mganga kwanza, kwa kuwa kuna wanaoamini degedege haitaki sindano. Anasema chango, na chango la mama aliyejifungua jana si chango la mtoto mchanga anayelia usiku kucha. Nimekaa na mwanafunzi mwenye alama za juu kabisa darasani, anaeleza maumivu ya utando wa mapafu kwa Kiingereza kilichonyooka, halafu mzee mmoja akamwambia, "Mjukuu wangu, kichomi kinanibana hapa nikivuta pumzi," na yeye akaandika kwamba mgonjwa ana maumivu ya kifua, akaishia hapo. Neno zima la utambuzi lilikuwa limeshatajwa na mgonjwa mwenyewe. Mzee alikuwa na nimonia.

Sidai vitabu vyote vitafsiriwe kesho. Hiyo ni kazi ya miaka na inahitaji fedha na watu. Nadai kitu kidogo kinachowezekana. Kitabu au mwongozo wowote unaoandikwa hapa Afrika Mashariki kwa wauguzi wetu, kila sura iwe na ukurasa mmoja wa maneno ya mgonjwa: anavyolitaja tatizo, muuguzi anavyouliza, na neno lipi lina maana mbili. Miongozo mingi iliyoandikwa na wenzetu huku nyumbani, Tanzania na Kenya, imenakili hata mifano ya vyakula. Mgonjwa wa kisukari anashauriwa kupunguza biskuti za chumvi na siagi ya karanga, na ugali haukutajwa.

Sasa niingie kwenye miongozo ya kujisomea na madesa, zile nukuu za kurithishana, maana ukweli ni kwamba hivyo ndivyo wanafunzi wanavyosoma. Kitabu kikubwa kipya ni ghali kiasi ambacho familia nyingi haziwezi hata kukifikiria. Mwanafunzi anakwenda steshenari iliyo nje ya geti la chuo, anatoa kopi ya desa lililoachwa na waliomtangulia, au anatumiwa PDF kwenye kundi la WhatsApp. Siwalaumu. Na mimi nimesoma kwa kopi.

Ila nina karatasi moja nimeihifadhi kwenye droo yangu. Ni ukurasa wa dawa za moyo, kopi ya kopi ya kopi. Kwenye mstari wa digoxini palikuwa pameandikwa miligramu 0.25. Mashine imemeza ile nukta. Pamebaki 025, na sifuri yenyewe imefifia upande mmoja mpaka inafanana na doa la wino. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asiyemjua digoxini ni nani atasoma 25. Famasia haitampa dozi hiyo, najua, na sista atamkatalia. Lakini tumeacha usalama wa mgonjwa utegemee mtu wa mwisho kwenye foleni. Na kuna desa jingine ambalo mkono wa mtu, wala si mashine, umegeuza mikrogramu (mcg) kuwa miligramu (mg). Herufi moja imeanguka, dozi imezidi mara 1,000.

Vile vitabu vya maswali ya kuchagua navyo vinahitaji kuangaliwa kwa haki. Wakufunzi wengi wanavidharau, wanasema vinafundisha kukariri. Mimi siungi mkono moja kwa moja. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walionyesha kwamba mwanafunzi anayejipima baada ya kusoma hukumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko anayerudia kusoma tu, ingawa papo hapo aliyerudia ndiye anayeonekana kujua. Kwa hiyo kujipima kunafaa sana. Linalonisumbua ni jinsi majibu yanavyotolewa. Vitabu vingi vinakupa namba ya swali na herufi: 14 B, 15 D, 16 A. Huyo mwanafunzi amejifunza herufi. Kitabu kinachofaa kinakuambia kwa nini B ni sahihi, na kinakaa na A, C na D kimoja kimoja kikikueleza kingetokea nini kama ungefanya hivyo. Kazi yetu kwa kiasi kikubwa ni kujua jambo gani linaonekana sahihi na si sahihi.

Kisha kuna maswali yaliyotungwa kwa mtihani wa leseni wa Marekani, NCLEX, ambao tangu Aprili 2023 umebadilishwa sura upime zaidi maamuzi kando ya mgonjwa. Ni mtihani mzuri, na aliye na mpango wa kwenda kufanya kazi huko lazima ausomee. Anayejiandaa kwa mtihani wa Saudia au Imarati naye atafute mwongozo wa mtihani huo. Lakini sehemu ya maswali hayo inauliza umpe kazi nani kati ya muuguzi msajiliwa, muuguzi wa leseni ya chini na msaidizi. Zamu ya usiku wodi yenye vitanda 40, uko wewe na mhudumu mmoja. Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga na kwa wodi ya hapa, akila miezi sita kwenye maswali hayo, atakuwa hodari wa kugawa kazi kwa watu ambao hawapo.

Kwa hiyo mimi siku hizi nikipewa kitabu nikipime, sikisomi kuanzia ukurasa wa kwanza. Nakaa nacho saa moja wodini, si ofisini. Natafuta atisuneti ya mtoto. Natafuta salfeti ya magnesiamu bila pampu. Natafuta sentimita za leba na kuona kama mwaka wa mwongozo umetajwa. Natafuta kidonda cha kulalia kwenye ngozi nyeusi. Kama kina hesabu za dripu, nachukua pakiti iliyoko stoo siku hiyo nalinganisha. Halafu nampa mwanafunzi mmoja wa kawaida, asiwe wa kwanza darasani, asome ukurasa mmoja na anieleze kwa Kiswahili, kama anamweleza mama wa mgonjwa. Akishindwa, najiuliza kwanza kama tatizo ni kitabu. Mara nyingi huwa ni kitabu.

Chuo nacho kina wajibu. Pale nilipo tulianza jambo dogo: karatasi moja ya masahihisho ndani ya jalada la kila kitabu. Imegandishwa kwa gundi, ina tarehe na jina la mkufunzi. Ukurasa fulani, dozi fulani imebadilika, soma hivi. Haikugharimu chochote zaidi ya wino. Ningependa Baraza letu na vyuo vyote viwe na karatasi kama hiyo moja ya taifa, itoke kila mwaka mwongozo unapobadilika, ibandikwe mpaka kwenye zile steshenari za nje ya geti. Mwenye steshenari hatakataa. Nilimwomba wa kwetu abandike yetu juu ya mashine ya kopi, akabandika siku hiyo hiyo, akaniuliza kama ana desa bovu ambalo anatakiwa aache kulitoa. Alikuwa nalo. Lile la digoxini.

Kilichotushinda mpaka sasa ni vitabu vyenyewe vilivyopitwa. Mkutubi wetu na mimi tumeshavitoa rafuni maboksi manne: vya kwinini, vya leba ya sentimita 3, vya kuchelewesha dawa za virusi vya UKIMWI mpaka CD4, chembe za kinga ya mwili, zishuke, jambo ambalo WHO ililiacha mwaka 2015. Vingi vililetwa kama msaada, na waliovileta walikuwa na nia njema. Lakini viko kwenye leja ya mali za chuo, na kitu kilicho kwenye leja hakitupwi bila saini, na mwenye saini anauliza, kwa haki yake, chuo kitabaki na vitabu vingapi wakaguzi wakija. Maboksi yako koridoni nje ya maktaba. Wiki iliyopita nilimkuta kijana wa mwaka wa kwanza amechuchumaa hapo, amefungua boksi la juu, ananakili jedwali la dozi kwenye daftari. Nikamnyanyua, nikaingia naye maktaba, nikamwambia mkutubi tutafute kamba.